Adapta Moja kwa Isevya Nzima

Isevya, Tabora
Jumapili, 11 Januari 2026

Binti yangu Najiat,

Kosa wanalolifanya watu wengi wanaponunua tivi ni kuitazama mbele. Wanasimama dukani wakishangaa rangi, muuzaji amewawekea picha za samaki na maua, wakati jambo la kuangalia liko nyuma, kwenye matundu. Mbele unaona tivi inaweza nini. Nyuma ndiko unakojua itaelewana na nani.

Nimeanza kama niko darasani, na bibi yako ananisuta hapa: "Mtoto hujamsalimia, umeshamfundisha." Basi assalaam alaykum, mwanangu. Sisi wazima. Mvua imetupata vizuri, mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika kiunoni. Bibi Mwanajuma hajambo isipokuwa macho. Yule nesi wa Cheyo, Tekla, anayekuja kumpima presha, anasema ni mtoto wa jicho na kwamba kwa umri wake madaktari wanasita kumgusa. Vitu vikubwa anaviona. Uso wako kwenye simu kwake ni mwanga unaochezacheza, na sauti yako, anasema, ni ya mtu aliyetumbukia kwenye mtungi. Ndiyo sababu nakuomba uendelee kuandika, hata kama wenzako wanakucheka. Barua zako namsomea kibarazani baada ya alasiri, na mahali alipopapenda hunirudisha.

Mzee Shaban wa nyumba ya mbele anakusalimu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Tangu asikie kwamba mchumba wako Rashidi ni Mzaramo mwenzake, anatembea kama jumbe. Jana alimwambia bibi yako, "Mtani, hatimaye tumemteka mmoja wenu bila hata kupiga risasi." Bibi akamjibu, "Mmemteka anayekula sana. Mtamrudisha wenyewe."

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Umeandika kwamba nikahi itafungwa huko Shenzhen baada ya Idi, kwa kuwa likizo yako na ya Rashidi hazitoshi kwa safari. Nimeelewa. Marehemu baba yako angeelewa pia. Mimi kama walii wako nitaandika uwakala kwa shekhe wenu wa huko, wala usilale na wasiwasi juu ya hilo. Bibi yako yeye ameomba kitu kimoja tu: amwone mjukuu wake akiolewa. Hataki kusimuliwa. Anataka amwone.

Nawe umejibu kwamba unatutumia tivi ya inchi hamsini na tano. Ahsante sana. Swali langu ni hilo nililoanza nalo: nyuma ina matundu gani?

Baba yako mdogo,
Majidi

*

Shenzhen
8 Februari 2026

Shikamoo Baba Mdogo, shikamoo Bibi,

Natumaini barua hii inawakuta mkiwa wazima, na mahindi yamepita kiuno. Huku ni baridi ya kijinga. Si ya theluji, ni ya kuingia kwenye mifupa, na nyumba hazina cha kuota. Rashidi amenunua soksi za sufu anazivaa mpaka kitandani, halafu anasema Wazaramo hawaogopi baridi. Ramadhani inakaribia na tumeshajua msikiti wenye uji mzito.

Nilicheka barua yako mpaka nikaulizwa kazini nacheka nini. Ni wewe tu, Baba Mdogo, utakayepewa tivi ya inchi hamsini na tano uulize mgongo wake.

Haya, mgongo nakueleza. Hiyo ni tivi ya majaribio, kiwanda chetu kiliwagawia wafanyakazi wa kitengo cha kupima. Haina tundu la HDMI. Haina zile nyekundu, nyeupe na njano. Haina hata intaneti ndani yake. Ina matundu mawili tu ya waya mpya unaoitwa GPMI. Waya mmoja, Baba Mdogo! Unabeba picha, unabeba sauti, unabeba data na unabeba umeme wenyewe wa kuiwasha. Fikiria nyuma ya tivi yako ya zamani: waya wa king'amuzi, waya wa sabufa, waya wa deki uliyokataa kuitupa, waya wa umeme, na vumbi limeviunganisha vyote kuwa mnyama mmoja. Huku ni uzi mmoja unaingia, basi. Na njia yake ni pana kuliko ya HDMI zilizoko majumbani. Mimi ndiye ninayezipima, nimeona kwa macho yangu.

Vichwa vyake ni vya aina mbili. Kuna kidogo chenye umbo lile lile la chaja za simu mpya, na kuna kipana. Tivi yenu ni ya kipana.

Usiwe na shaka, nimeweka na adapta. Upande mmoja unachomeka HDMI ya kompyuta yako, upande wa pili unaingia kwenye tivi; umeme utaingia kwa tundu la pili, waya wake wa ukutani uko kwenye boksi. Siku ya nikahi unafungua kompyuta, tunaunganika, na Bibi ananiona mkubwa kama nilivyo. Ni moja tu, kwa sababu za majaribio tumepewa moja moja. Itunze.

Na ombi: tivi ya zamani mpe Dada Tekla. Alisema ya kwake imekufa. Usiiweke stoo ukaanza kufungua makumbusho.

Vitu anakuja navyo Erasmus, yule mfanyabiashara wa vipuri wa hapo sokoni. Kontena lake linaondoka wiki hii.

Mwanao,
Najiat

*

Isevya, Tabora
25 Machi 2026

Binti yangu Najiat,

Idi Mubarak kwako na kwa Rashidi. Tumefunga salama. Bibi yako alikatazwa na Tekla kufunga, akafunga nusu siku kwa siri, tukamkuta kwa kuwa alikuwa mkali kuliko kawaida. Tumekula pilau kwa Mzee Shaban, aliyesema amepika kidogo kwa sababu anajua Wanyamwezi wameshazoea matobolwa, viazi vya kuanikwa, na wali utawashtua. Bibi akaomba sahani ya pili ili, alisema, apate uhakika kwamba ni chakula.

Tivi imefika. Tuliibeba wanne toka kwenye gari. Shaban alisimama mlangoni kwake akipiga makofi: "Ehe! Babu zenu walitubebea pembe mpaka Bagamoyo, leo mmeletewa tivi mnaibeba kama jeneza!"

"Na babu zenu," bibi yako akamjibu toka ndani, asiyeona lakini anayesikia akitaka, "walikuwa wanacheza ngoma njiani, wakingoja tupite na chakula."

"Mama, bado upo tu? Nilishamwambia mchimba kaburi aje Jumatatu."

"Mwambie alichimbe pana. Tutalala wawili."

Hivi ndivyo siku zetu zinavyokwenda. Tangu mama yako na mke wangu waondoke, bibi yako hana wa kumtukana isipokuwa Shaban.

Nimeiwasha, na nakupongeza. Picha ni safi sana. Nilichomeka kompyuta kwenye adapta, nikaweka ile video ya maulidi ya mwaka jana, na bibi yako akanyoosha kidole akataja watu watatu kwa majina. Watatu! Mmoja alikosea, lakini hata mimi humkosea. Akaniuliza, "Najiat naye nitamwona hivi?" Nikamwambia hivi hivi. Tangu hapo kila anayekuja kumjulia hali anaambiwa habari ya harusi.

Ombi lako nimelitimiza, tivi ya zamani iko kwa Tekla. Nilifanya hivyo kwa shingo upande, na nitakueleza kwa nini, nawe utanivumilia kama ulivyonivumilia kidato cha tatu.

Unauliza, ingawa hukuuliza, kama waya wenu mpya utachukua nafasi ya HDMI. Wewe unapima upana wa njia na nguvu ya umeme, na kwa vipimo hivyo umeshinda, sibishani. Lakini wazee wetu walikaa kwenye njia ya misafara, na walisimulia habari za wafanyabiashara waliotoka pwani na shanga. Shanga zilikuwa pesa ya njiani: chakula, maji, ruhusa ya kupita. Mtu angeweza kuja na shanga nzuri, za kioo safi kuliko za wenzake, akafika kijijini akaambiwa mwaka huu hatuvai rangi hiyo. Basi, amebeba mawe. Hakuna aliyesema shanga zake ni mbaya. Ila mama wa kijiji alijua kwamba akizipokea, jirani yake hatazipokea kwake.

Waya nao ni hivyo. Kipimo changu mimi ni kimoja: ukikatika Ijumaa jioni, utaazima kwa nani? HDMI ikikatika, natoka mlangoni nikiwa na ndara, na nyumba ya tatu naipata. Zile nyekundu, nyeupe na njano ni za zamani kuliko wewe, picha yake ni ya ukungu, lakini hapa Isevya utazikuta hata kwenye kapu la vitunguu. Waya wenu ni bora, na hauna jirani hata mmoja. Ndiyo maana nimeifunga ile adapta kwenye kitambaa, naiweka juu ya kabati, na kila anayeingia sebuleni nampa somo: "Mnaiona hii? Hii ndogo ndiyo harusi yenyewe. Hii ikipotea, tivi ni kioo."

Shaban amenisikia nikilitoa somo hilo mara nyingi mpaka analijua kwa moyo. "Mwalimu," aliniambia jana, "ungekuwa unamsifu mkeo hivyo, angefufuka."

Kama kuna adapta ya pili, hata iliyochakaa, itume.

Wako,
Majidi

*

Shenzhen
6 Aprili 2026

Shikamoo Baba Mdogo,

Naandika haraka, kuna mtu anaruka kesho na atawaletea barua hii mkononi. Salamu kwa Bibi, nimeota amenisuka.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya shanga nimemsomea Rashidi. Amesema mwalimu akishindwa kwa vipimo hukimbilia historia. Mimi sisemi hivyo, mimi ni mtoto mwenye adabu. Nasema hivi: mtu wa kwanza kununua HDMI aliazima kwa nani? Kila kitu kilianza bila jirani. Ukingoja mpaka majirani wawe nacho ndipo ununue, na jirani naye anakungoja wewe, mtakaa na ukungu wenu mpaka Kiyama. Lazima mtu mmoja awe wa kwanza mtaani. Safari hii ni ninyi. Jivunieni kidogo!

Adapta ya pili haipo. Nimeomba, nimeambiwa mpaka Juni.

Nikahi ni Jumamosi tarehe 18, alasiri ya huku. Kwenu itakuwa saa tano asubuhi. Mwenzetu mmoja atashika simu, mimi sitaweza kuongea nanyi wakati huo, nitakuwa nimefunikwa. Nitajua tu kwamba Bibi yuko pale anaangalia. Hilo linanitosha, Baba Mdogo. Usiku nikifikiria kwamba naolewa bila mtu wa kwetu chumbani, najiambia, nitakuwa ukutani kwa Bibi, mkubwa, naye atakuwepo kwangu.

Hivyo saa tano, tafadhali.

Najiat

*

Isevya, Tabora
26 Aprili 2026

Binti yangu, mke wa watu sasa,

Alhamdulillahi. Mungu aibariki nyumba yenu, awape masikilizano na watoto wenye akili za mama na miguu ya baba, maana nimeona Rashidi ni mrefu.

Sisi wazima. Mvua zinaelekea kukatika. Mwaka huu viazi vimekuwa vingi, na nimemwona mama mmoja wa Usinge ameleta mjini asali nyeupe ya miombo ambayo sijaionja tangu ujana wangu. Nimekuwekea chupa. Bibi yako ameanza kuchagua viazi vya matobolwa, unavijua: vinachemshwa, vinakatwa vipande, vinaanikwa juu ya bati mpaka viwe vigumu kama kokoto. Nakuandikia haya kwa kuwa huko huenda ukavikumbuka. Ukitaka vilainike haraka usivichemshe na chumvi, weka karanga zilizotwangwa mwishoni. Watu wengi hutanguliza karanga na zinashika chini ya sufuria. Na ukikosa sufuria nzito, weka moto mdogo na usiondoke.

Bibi alikuona. Amefurahi. Anasema umependeza na kwamba umepungua. Adapta ilipata hitilafu kidogo siku ile, tukachelewa kuunganika, lakini alikuona.

Mzee Shaban hajambo.

Tekla anakupa hongera. Nitaandika tena nikipata mtu wa kunipelekea.

Majidi

*

Shenzhen
24 Mei 2026

Shikamoo Baba Mdogo, shikamoo Bibi,

Sisi wazima. Rashidi anawaamkia. Ameshajua kupika ugali wa unga wa mahindi ya njano, sura yake ni ya keki lakini tunakula. Hongera ya Dada Tekla nimeipokea. Matobolwa nimeyakumbuka, ndiyo, mpaka mate.

Baba Mdogo, ukurasa mzima wa karanga na sufuria, na mstari mmoja kuhusu adapta. Maneno mawili kuhusu Mzee Shaban. Mawili! Mtu ambaye katika kila barua yako hunichekesha kuliko wewe mwenyewe. Nilipopiga simu ulisema "salama, salama," ukakata.

Naomba uniambie ni hitilafu gani. Siulizi kwa udadisi. Adapta ile niliipima mimi. Mwezi ujao zinatoka za kuuzwa, nyingi, na mimi ni mmoja wa wanaosaini kwamba ni salama. Tangu barua yako sijaweza kusaini. Nimezifungua, nimezipasha moto, nimezichomeka na kuzichomoa mpaka vidole vimeota sugu, nakuta ziko sawa. Mkuu wangu ananiuliza nina shaka gani, nami siwezi kumwambia kwamba bibi yangu alichelewa kuniona. Kama kitu nilichokipima kilimkatikia Bibi siku ile, basi kazi hii siijui, na ni bora niiache kabla hakijaungua kwenye nyumba ya mtu.

Ilipata moto? Ilizima yenyewe? Picha ilikatika katikati? Na Bibi aliona nini hasa? Usinifiche ili nifurahi. Sifurahi.

Najiat

*

Isevya, Tabora
Jumapili, 14 Juni 2026

Binti yangu Najiat,

Assalaam alaykum, na marahaba. Saini karatasi yako. Adapta haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa namfichia mtu, na sikufikiri kwamba kivuli kingekuangukia wewe. Nakueleza sasa yote, kwa ruhusa ya bibi yako.

Jumamosi ile nyumba ilijaa toka asubuhi. Majirani wa mtaa mzima walikuwepo, kanga zimefungwa milangoni, wali uko jikoni, bibi yako amekaa kwenye kiti cha marehemu baba yako mbele ya tivi, amejifukiza udi, hataki kuinuka hata kwenda msalani asije akakosa. Saa nne na nusu nilikuwa nimeshawasha kompyuta. Nikageuka kuchukua adapta juu ya kabati, nikakuta kitambaa kitupu.

Shaban alikuwa amesimama mlangoni na kanzu mpya. "Mmenisahau, Wanyamwezi? Shughuli bila mtani? Nimekamata, na sitoi mpaka nikombolewe!"

Unaijua desturi. Siku ya harusi ya shangazi yako alikamata mfuniko wa sufuria ya pilau, tukamkomboa kwa paja la mbuzi. Siku ya mazishi ya baba yako aliingia kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, maana marehemu Mabruki alizoea kumpunja. Tulicheka hali tunalia, na mimi naamini kicheko kile ndicho kilichotufikisha nyumbani kwa miguu yetu. Mtani anakamata kilicho cha thamani kuliko vyote siku hiyo. Na nani alimfundisha mwezi mzima kipi ni cha thamani kuliko vyote? Mimi na somo langu.

Basi watu wakacheka, wanawake wakapiga vigelegele, bibi yako akapiga kelele, "Mpeni mbwa mfupa, atupishe!" Nikakimbia jikoni kumchukulia sahani. Yeye, kwa furaha, akajibwaga kwenye kigoda kungoja fidia yake. Adapta ilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali aliyoivaa ndani ya kanzu. Tulisikia mlio, Najiat. Mdogo tu, kama wa karanga.

Akaitoa. Kichwa kipana kilikuwa kimekunjika na ganda limepasuka. Bado alikuwa anatabasamu. "Haina neno," alisema, "waya si waya? Sokoni zimejaa. Naenda mwenyewe." Akaniangalia usoni, na hapo akaelewa lile somo alilolijua kwa moyo.

Nilijaribu kuinyoosha kwa koleo. Pini mbili zikakatika. Na majirani, ambao hawakuelewa matundu lakini walielewa kwamba waya umekosekana, wakatoka mbio kila mtu kwake. Ungeliona mkeka wetu! Waliniletea HDMI ndefu na fupi, waliniletea nyekundu, nyeupe na njano, waya za sabufa, za redio, mmoja alileta ya pasi. Walizing'oa nyuma ya tivi zao wenyewe. Nilipiga magoti nikizijaribu, moja baada ya moja, nikijua hakuna itakayoingia, kwa sababu sikuweza kuwaambia hao watu wasilete.

Saa tano ikapita. Nilimshikishia bibi yako simu karibu na jicho. Aliona mwanga wake unaocheza. Alisema tu, "Ameshaolewa?"

Tekla ndiye aliyeondoka bila kuaga. Alirudi toka Cheyo kwa bajaji, na ile tivi ya zamani mapajani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Waya mmoja wa HDMI toka kwenye rundo la mkeka, picha ikatoka. Nikahi ilikuwa imekwisha kitambo. Mwenzenu aliyeshika simu alikuwa ameiegemeza mahali akaisahau, na wewe ulikuwa umekaa chini, umevua viatu, shela iko begani, unakula kuku kwa mikono miwili na mafuta yamefika kwenye hina. Rashidi anakuambia kitu, unamchapa na mfupa.

Bibi yako alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo. Alikutazama mpaka ulipoinuka kwenda kunawa. Akasema, "Nikahi ni maneno ya shekhe, ningeisikia ningelala. Mimi nilitaka kumwona anakula kwa watu." Anasimulia huyo kuku mpaka leo. Sikukuandikia uongo, mwanangu. Alifurahi kweli.

Kwa hiyo lile swali letu la waya tumelipata jibu, nusu lako na nusu langu. Ulisema lazima mtu awe wa kwanza mtaani. Ni kweli, ila wa kwanza anahitaji tundu la zamani pembeni ya lile jipya, mpaka majirani wamfikie. Waambie hao wakuu wako waache angalau moja la HDMI, kwa miaka mingi, wala wasione aibu. Na kile kichwa chenu kidogo, chenye umbo la chaja ya simu, ndicho ninachokipa matumaini. Hicho siku ile ningepata waya wa kukijaribia. Si kwamba kila waya wa chaja unabeba picha, najua, lakini hapa mtaani pengine mmoja ungebeba. Kikishinda, kitashinda kwa sababu kiliingia majumbani kwa mlango wa simu, watu wakiwa hawana habari. Kile kipana kitabaki kwa wenye subira na adapta mbili.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nifiche. Shaban aliondoka siku ile bila kula, adapta iliyovunjika mkononi. Kesho yake alikuja na sukari kilo mbili, akavua kofia, akasema, "Shikamoo mama." Bibi yako alidhani ni utani mpya, akangoja mwisho wake. Haukuja. Akamuuliza, "Mzaramo, umekufa?" Akajibu, "Bado, mama, nashukuru." Tangu siku ile anapita njia ya nyuma. Tukikutana msikitini ananiita mwalimu na kunipisha. Nimemtukana mimi mpaka nikaishiwa, anasema, "Una haki." Bibi alimtumia ujumbe kwamba kaburi lake liko tayari na fisi wamekataa kushiriki. Tekla, aliyeupeleka, anasema mzee aliinamisha kichwa tu.

Na bibi yako, aliyekosa nikahi akacheka, hili hachekelei. Hatoki tena kibarazani alasiri. Barua yako ya mwisho nimemsomea ndani, mlango umefungwa, na hakunirudisha hata mahali pamoja. Chakula anakisukuma. Tekla anasema presha haimpendezi. Jana aliniambia, "Nimeamkiwa shikamoo na mtani wangu, Majidi. Nimekuwa mtu wa kuamkiwa tu."

Hatuwezi kumrudisha sisi. Harusi haikuwa yetu. Alichokivunja kilikuwa chako, na katika mambo haya ni mwenye shughuli peke yake anayeweza kumkomboa mtani aliyezidisha. Usimwambie umemsamehe. Ukimsamehe, umemzika. Ile adapta bado iko kwake na hajakombolewa, maana yake shughuli yako haijafungwa, na sasa umeolewa na kabila lake, una haki mbili za kumvua nguo kwa maneno.

Namba yake haijabadilika. Alasiri huwa nyumbani, na akiwa na simu anaweka spika, anapiga kelele mtaa mzima unasikia, pamoja na dirisha la bibi yako. Basi leo hii, kabla hujavua viatu vya kazini, mpigie Mzee Shaban umtukane.

Baba yako mdogo,
Majidi